Mraba wa Chaki

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipokabidhiwa saa ya mkononi na kuambiwa niwapime mafundi tisa, mmoja mmoja, hadi nijue nani anachelewesha kazi. Aliyenikabidhi alikuwa msimamizi wa karakana ya useremala pale Ngara mjini, na ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, barabara ya Rusumo haipumziki. Malori ya mahindi, malori ya maturubai, matenki ya maji, yote yalipita mbele ya lango letu na kutuachia vumbi jekundu juu ya mbao tulizokwisha kuzipiga msasa.

Mimi nilikuwa karani wa stoo. Nilihesabu misumari na kuandika nani kachukua gundi. Nilitoka Ntobeye, nikamaliza kidato cha nne na kuishia hapo. Ufundi sikusomea popote. Niseme ukweli mapema, maana bila ukweli huu mengine hayataeleweka: nilikuwa mtu asiyeweza kuona kitu kimekaa upande. Nikifunga kufuli la stoo nilirudi mara mbili kulivuta. Nikikosea neno moja katika ukurasa, niliuchana wote na kuanza upya. Watu waliuita umakini. Mimi nilijua ni hofu.

Na karakana yetu ilikuwa na mengi ya kumtia hofu mtu wa aina yangu, kwa kuwa hatukuwa watu wa kutengeneza kitu kimoja. Wiki hii tuliombwa milango sita, wiki ijayo masanduku matatu ya mizani, kisha magongo ya kutembelea jozi nane, kila jozi na urefu wake, kisha machela, kisha madawati. Cha leo hakikufanana na cha jana. Mbao zilizokatwa kwa ajili ya kitu hiki ziliegemea ukuta zikisubiri kitu kile kiishe. Fundi alitafuta patasi nusu saa. Mlango mmoja ulilala sakafuni mwezi mzima, watu wakiuruka kwenda na kurudi, umekosa ubao mmoja tu.

Ndipo nikaokota kijitabu. Kilikuwa ndani ya katoni tupu ya biskuti, kimetolewa nakala upande mmoja wa karatasi, Kiingereza kitupu, kinaeleza namna viwanda vya Wajapani vinavyoondoa upotevu. Nilikisoma kwa kamusi miezi minne. Kilisema kungoja ni upotevu, kutembea ni upotevu, kutengeneza kabla hujaombwa ni upotevu, kurudia kazi ni upotevu. Kilisema mwenzako anayepokea kazi kutoka kwako ndiye mteja wako, usimsukumie vitu, ngoja avivute mwenyewe. Nilihisi kwamba mahali fulani mbali kuna mtu aliyeogopa vilevile ninavyoogopa mimi, na yeye amepata dawa.

Karibu na mwisho kulikuwa na kurasa mbili kuhusu viwanda vinavyotengeneza vitu vingi tofauti kwa uchache, yaani sisi. Nilizipitia harakaharaka kwa sababu hazikuwa na picha.

Nilimsumbua msimamizi na kijitabu hicho mpaka akachoka. Asubuhi moja akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Karani, shirika la kuhudumia wakimbizi limetupa oda ya kutujaribu. Zahanati nne za kambini. Vitanda kumi na sita, meza nne za kujifungulia akina mama, milango minane, masanduku manne ya mizani, magongo jozi ishirini. Wiki tatu. Jumamosi ya tatu lori linakuja saa tatu asubuhi."

"Tutaweza," nikasema, kabla sijafikiri.

"Sijamaliza. Likiondoka na kila kitu, mafundi wote wanabaki. Likiondoka na pungufu, napunguza mtu mmoja. Mimi sitaki kuchagua kwa sura wala kwa kabila. Karatasi yako ndiyo itakayosema nani."

"Karatasi yangu?"

"Si una kitabu? Haya, pima."

Nilipima siku tano. Siku ya tano nilikaa juu ya ndoo ya misumari, nikajumlisha, nikajumlisha tena. Aliyekuwa wa mwisho, mbali kabisa nyuma ya wenzake, alikuwa yule fundi tuliyemwita mzee.

Mzee alikuja nchi hii kijana, akikimbia Burundi katika wimbi la zamani, kabla ya haya mahema ya wakimbizi wa sasa. Alikuwa na migomba na maharage Kirushya, watoto saba, na baiskeli aliyoipanda kila siku kuja kazini. Nusu ya mafundi pale yeye ndiye aliyewafundisha kushika randa. Alikuwa na desturi moja ambayo karakana nzima iliizoea kama jua kuchomoza. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi, alizunguka. Alimshika kila mtu mkono kwa mikono yake miwili. Wa lugha yake aliwaamkia "Mwaramutse", wengine aliwauliza kama wamerara salama, maana hivyo ndivyo alivyolitamka neno hilo miaka yote. Aliuliza ng'ombe wa huyu, mke wa yule, mtoto aliyekuwa anaharisha. Akimaliza watu alikwenda kwenye rundo la mbao, akagusa hapa, akanyanyua pale, akarudi tena kwa mtu wa msumeno kuzungumza naye kidogo, kisha kwa fundi wa kuunga vipande. Saa yangu ilisema dakika arobaini na moja.

Ilinichanganya. Nilimpenda mzee. Ndiye pekee aliyeniamkua kila siku kwa kuniuliza mama yangu. Sasa namba zangu zilikuwa zinamwelekeza nje ya lango. Nikajiambia: upotevu wake uko kwenye ule mzunguko. Nikiuondoa, namba zake zitapanda, na nitakuwa nimemwokoa. Nawaapia kwamba hilo ndilo nililowaza. Nilitaka kumwokoa.

Wiki ya pili nilipanga karakana upya. Kila fundi nilimpa hatua moja: mmoja anakata, mmoja anaranda, mmoja anatoboa matundu, mzee anachonga ndimi, yaani zile ncha za mbao zinazoingia kwenye tundu la mguu wa kitanda ili kitanda kisimame. Nilikata katoni za biskuti nikatengeneza kadi, kila kadi na kipimo chake. Nilitundika patasi ukutani na kuchora umbo la kila moja nyuma yake. Na sakafuni, kuzunguka kila meza ya kazi, nikachora mraba wa chaki. Fundi asitoke nje ya mraba wake saa za kazi. Akiona kasoro, anainua kadi nyekundu, mimi naja.

"Na asubuhi?" mzee aliuliza. "Kusalimiana?"

"Shikamoo, mzee," nikasema, kama mtu anayelipa kodi. "Tutasalimiana wote kwa pamoja nikigonga kengele. Mara moja tu, kila mtu akiwa mahali pake."

Alitazama chini, miguu yake ndani ya chaki. "Marahaba. Kwa hiyo mimi leo nimekuwa kuku wa kufungiwa?"

"Bora wewe, mzee," alisema fundi wa kuunga, Msukuma mmoja mrefu kutoka Shinyanga ambaye hakuacha jambo lipite bila mzaha. "Kuku hupewa na pumba. Sisi tumepewa katoni."

Walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini niligonga kengele.

Kwa macho, kilikuwa kitu cha ajabu. Msumeno haukusimama. Mbao zilipita kutoka mraba hadi mraba bila mtu kutembea. Kufika Alhamisi tulikuwa na ndimi za vitanda vyote kumi na sita, zimepangwa kama sabuni dukani, na msimamizi alisimama mlangoni mikono kiunoni akitikisa kichwa kwa kuridhika. Namba za mzee zilipanda. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu mwanzo wa mwezi.

Kuna jambo moja la wiki hiyo ambalo sikumwambia mtu. Jumanne, kabla ya chai, mzee aliinua kadi nyekundu. Nilikwenda mbio. Alikuwa ameshika kipande cha ubao, anakibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba.

"Binti, mbao hizi bado zina maji. Zimeletwa juzi kutoka Biharamulo, lori lilinyeshewa pale Lusahunga. Mwambie wa msumeno aniachie unene kidogo. Ulimi wa leo uwe mnono."

Nilichukua futi, nikapima ulimi, nikaulinganisha na kadi. Ulikuwa sawasawa kabisa. Kulikuwa na furaha fulani katika usawa ule, siwezi kuificha.

"Mzee, kipimo kiko sawa."

"Kiko sawa leo."

"Kadi nyekundu ni ya kasoro," nikamwambia. "Si ya mashaka."

Alinitazama kidogo, kisha akaitundika kadi mahali pake. Hakuiinua tena.

Jumatano ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, fundi wa kuunga alisimamisha kitanda cha saba na kukikalia, kama alivyovijaribu vyote. Kitanda kilienda kushoto. Akainuka, akakitikisa. Kikaenda kulia.

"Jamani," alisema, "hiki kimesikia ngoma wapi?"

Hakuna aliyecheka. Alikwenda kwenye vitanda sita vilivyokwisha, vilivyokuwa vimekaa siku tano kwenye upepo wa dirishani, akavitikisa kimoja baada ya kingine. Vyote vilicheza. Aligeuza kimoja miguu juu, akavuta mguu kwa mkono mmoja, ukatoka kama jino la mtoto. Ulimi ulikuwa umesinyaa ndani ya tundu. Kati ya ulimi na tundu ungeweza kupitisha kiberiti.

Vitanda vyote na meza za kujifungulia, ndimi zilitoka kwenye mbao zilezile. Nilijua papo hapo, wala sikuhitaji kufikiri. Maneno ya mzee yalinirudia neno kwa neno.

Msimamizi alikuja. Alitazama mguu, akatazama tundu.

"Nani kachonga ndimi?"

Wa msumeno, kijana wa Biharamulo, alijitetea kabla hajaulizwa: "Mimi nimekata kwa kadi, bosi. Kadi ilivyosema."

"Nimeuliza nani kachonga."

"Mimi," alisema mzee.

"Mzee, wewe? Wa kuchonga ulimi wa kulegea ni wewe?"

Mzee alifuta mikono kwenye suruali. Nilisubiri aseme. Kadi nyekundu ilikuwa imening'inia pale nyuma ya kichwa chake, na watu wawili walimwona akiiinua. Angesema maneno matano tu. Hakusema. Alinitazama, si kwa hasira, alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, apite kwanza.

Nami sikupita. Nilishika daftari langu kifuani na kutazama sakafu. Ninaandika haya kwa sababu ya dakika hiyo. Mtu aliyechana kurasa kwa kukosea neno moja, alipokosea oda nzima, alinyamaza.

"Sawa," msimamizi alisema. "Karani, andika hilo kwenye karatasi yako." Akaondoka.

Siku tatu zilikuwa zimebaki. Kuchonga upya haikuwezekana, mbao kavu hazikuwepo wilaya nzima. Kila mti mkavu ulikuwa umekwisha kuchomwa kuni. Mafundi walisimama ndani ya miraba yao, hakuna aliyejua kama anaruhusiwa kutoka. Fundi wa kuunga ndiye aliyefuta mstari kwa kiatu, akaenda kwa mzee. Wengine wakafuata. Mimi nilibaki kando, lakini nilisikia.

"Ulimi uliosinyaa hutibiwa kwa kabari," mzee alisema. "Unaupasua kichwani, unaingiza kabari ya mti mgumu mkavu, unagonga, unatanuka ndani ya tundu. Hautoki tena."

"Mti mgumu mkavu tutautoa wapi?"

"Nyumbani kwako hakuna jembe lililovunjika mpini?"

Wote wakaanza kuongea kwa pamoja. Mpini wa jembe hukauka miaka kumi mikononi mwa watu. Wa msumeno alikuwa na miwili. Mwingine alikumbuka mpini wa shoka. Mchana ule watu walitawanyika kwa baiskeli, wakarudi na mipini imefungwa nyuma kama kuni. Fundi wa kuunga alirudi na mchi wa kutwangia.

"Huo umeuiba," wakamwambia.

"Nimeuazima kwa mama mwenye nyumba. Hajui bado. Akitwanga jioni atajua."

Lakini kila kiungo kilitaka kabari yake, na kila kabari ilitaka subira. Mzee alihesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. Vitanda vyote na meza zote hadi Jumamosi, haiwezekani. Nikakimbilia ninachokijua. Nilikwenda ubaoni nikaandika: leo vitanda vyote, kesho meza zote, keshokutwa milango.

"Binti," mzee akaniita. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu asubuhi. "Hivi vitu vinakwenda wapi?"

"Zahanati nne, mzee."

"Sasa Jumamosi ukiwa na vitanda kumi na sita na huna meza hata moja, mama anajifungulia wapi?"

Niliusoma ubao tena.

"Na wa zahanati ya tatu kule anaomba nini? Vitanda vinne, meza, milango miwili, sanduku, magongo matano. Mpe vyake vyote. Halafu mwingine mpe vyake vyote. Kuliko kuwapa wote nusu."

Nilisimama na chaki mkononi. Hicho ndicho kilichokuwa kwenye zile kurasa mbili zisizo na picha, kwa maneno magumu zaidi: unapotengeneza vitu vingi tofauti kwa uchache, usivipange kwa aina, vipange kwa anayevisubiri. Nilikuwa nimepanga karakana kana kwamba duniani kuna mtu anayesubiri vitanda kumi na sita. Hakuwepo mtu huyo.

Tulifuta ubao. Tuligawa sakafu sehemu nne, kila zahanati na kona yake. Kila fundi alitembea alikotaka, na mzee alizunguka mchana kutwa, anabonyeza kwa ukucha, ananyanyua, anasema "hii bado", "hii gonga", anarudi. Nilimfuata kwa daftari na hatimaye nikaona alichokuwa anafanya zile dakika arobaini na moja. Alipouliza habari za nyumbani, wa msumeno alimwambia pia meno ya msumeno yameanza kuwa butu. Alipomshika mkono wa kuunga, alijua gundi ya jana haikushika. Karakana ilikuwa inaongea kupitia kwake, na mimi nilikuwa nimeiziba mdomo kwa kengele.

Alhamisi jioni kona ya kwanza ilikamilika. Ijumaa saa sita, ya pili. Hofu yangu haikupungua, ilibadilika tu. Kila mara msimamizi alipopita alimwambia mzee neno: "Haya, mzee, tengeneza ulichoharibu." "Mzee, macho yameanza kuchoka?" Mzee aliitikia "Ndiyo, bosi" na kuendelea kugonga. Na kila mara nilifungua mdomo. Nilijipangia: nitasema saa saba. Saa saba nikasema nitasubiri chai. Nilijiambia kwamba nikisema sasa nitawavuruga watu, kazi itasimama. Hata uoga wangu niliuita kuepuka upotevu.

Ijumaa, wakati wa kuosha mikono bombani, fundi wa kuunga alisimama karibu nami.

"Dada karani," alisema kwa sauti ya chini, na safari hii hakuwa na mzaha. "Mimi niliiona ile kadi nyekundu. Nataka kujua tu. Unangoja mimi niseme, au?"

"Usiseme," nikamwambia.

"Sawa. Lakini mzee ana watu saba nyumbani. Mimi naweza kungoja mpaka kesho lori liondoke. Baada ya hapo sina breki."

Jumamosi saa tatu kasoro lori liliingia. Kona tatu zilikuwa kamili. Ya nne ilikuwa na milango, sanduku na magongo, na vitanda viwili vilivyokazwa; viwili vilikuwa bado vinacheza, na meza ilikuwa imelala ubavu bila miguu. Mtu wa shirika alishuka na orodha yake. Alikalia kitanda, akakitikisa kwa nguvu za mtu aliyewahi kudanganywa. Hakikutikisika. Alipoonyeshwa kwamba kila kona ni zahanati moja, aliacha kuhesabu kwa aina.

"Kwa hiyo hizi tatu naweza kuzifungua kesho?"

"Hata leo," alisema msimamizi.

"Na ya nne?"

"Jumanne," alisema mzee.

Mtu wa shirika aliandika, akapakia tatu, akaondoka. Hakukasirika. Mafundi walipumua. Lakini msimamizi hakupumua. Alinitazama, akaonyesha ofisi kwa kichwa.

Ndani aliketi, akanyoosha mkono. "Karatasi."

"Amechukua tatu, bosi. Amesema Jumanne..."

"Nilisema kila kitu. Nikilegeza neno langu mara moja, nani atanisikia tena? Karatasi."

Nilimpa. Niliinakili usiku uliotangulia kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika, bila neno hata moja lililofutwa. Alishuka na kidole hadi chini. Jina la mzee lilikuwa la mwisho. Dakika zake za wiki ya kwanza zilikuwa pale, wala hazikuwa za uongo.

"Basi, kama nilivyodhani," alisema. "Na ndimi pia ni zake. Kamwite."

Nilifika mlangoni. Nilishika kitasa. Nje mzee alikuwa ameinama juu ya ile meza ya nne, anagonga kabari, kidogo, kidogo, anasikiliza.

Nikageuka. "Ndimi si zake."

"Nini?"

"Alizichonga kwa kipimo changu. Aliinua kadi, akaniambia mbao zina maji, akataka ulimi mnono. Nilimkatalia. Nilimwambia kadi si ya mashaka." Nilisikia sauti yangu ikipanda na sikuweza kuishusha. "Tangu Jumatano najua. Umemsema siku tatu mbele yangu na nimenyamaza. Hizo dakika arobaini na moja nilizoandika hapo kuwa anazurura, ndizo zilizokuwa zinazuia hili lisitokee miaka yote. Nilipima kutembea kwake. Sikupima kazi inayorudi. Ya kwake hairudi."

Msimamizi alikunja karatasi mara mbili, polepole.

"Wiki tatu," alisema, "nimekuwa nikiamini hii karatasi kwa sababu ilikuwa safi."

"Ndiyo, bosi."

"Nilisema mtu mmoja ataondoka."

"Ndiyo, bosi."

"Acha funguo za stoo."

Niliziweka mezani. Nilitoka, nikapita katikati ya karakana bila kumwangalia mtu, nikatembea hadi nyumbani Ntobeye. Nilikuwa najua kwamba nimefanya jambo sahihi, na sikuhisi nafuu yoyote. Nimesoma watu wakisema ukweli huondoa mzigo. Wangu uliondoa kazi, na mzigo nikabaki nao. Jumapili sikwenda kanisani. Mama aliuliza mara moja tu, kisha akanipa jembe, tukapalilia maharage.

Jumatatu kabla ya saa sita kengele ya baiskeli ililia kwenye njia ya shamba. Alikuwa fundi wa kuunga, jasho linamtiririka.

"Nimetumwa," alisema. "Mzee anasema vitanda viwili vya zahanati ya nne bado vinacheza. Anasema aliyevilegeza aje avikaze."

"Mimi sijui kukaza kitanda."

"Hilo nimemwambia. Akasema anajua."

"Msimamizi je?"

"Msimamizi amesema akikuona na daftari atakufukuza mara ya pili. Akikuona na nyundo, yeye hajakuona. Panda."

Niliingia karakana na kitenge cha shambani, udongo bado kwenye vidole. Wengine walinisalimia, wengine hawakunisalimia, na wa msumeno alijifanya hanioni. Nilikwenda moja kwa moja kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuuliza mama yangu. Alinipa kipande cha mpini wa jembe na patasi. "Chonga."

Kabari yangu ya kwanza ilikuwa nene, ikapasua ulimi. Ya pili ilikuwa nyembamba, ikadondoka. Nilitaka kuomba futi, nikajizuia. Mzee alichukua kidole changu gumba, akakibonyeza kwenye ubao, akaniachia bila maelezo. Nilibonyeza. Nilibonyeza tena mahali pengine. Ilichukua muda kabla ukucha wangu haujaanza kutofautisha, na hata hapo sikuwa na hakika. Ya tano iliingia. Niligonga kama alivyogonga, kidogo, kidogo, mpaka sauti ikabadilika kutoka ya uwazi ikawa nzito.

Nilifanya miguu yote minne hivyo. Mikono iliniuma, na saa sikuitazama. Nilipomaliza, mzee aliweka nyundo yake chini, akaja, akakikalia kitanda. Alitikisa kushoto. Alitikisa kulia. Akainuka, akaenda upande wa miguuni, akakitikisa tena, kwa nguvu zaidi, na mimi nimesimama pale nimeshika patasi kama mtu anayesubiri hukumu.

"Lete kile kingine," alisema.